Kiingereza kwa anayeanza sifuri: vifaa vichache, vitumike mpaka vichakae

Wapendwa wanachama, nimeahidi somo hili la vifaa vya kufundishia Kiingereza tangu mwezi uliopita. Nafundisha watu wazima Kiingereza jioni, huku Temeke, kwenye chumba cha kuazima chenye mabenchi sita na ubao mmoja. Wanaokuja ni mafundi, wauza nguo, akina mama wa usafi wa hotelini, na kila ifikapo Oktoba vijana waliomaliza la saba wanaosubiri kidato cha kwanza.

Ombi ninalopata kila wiki ni lile lile: "Mwalimu, nitumie notsi za kufundishia." Nikituma, mtu anapakua mafaili mia mbili, simu inajaa, hafungui hata moja. Leo situmi faili. Naeleza vifaa ninavyotumia, kwa mpangilio ninaovitumia.

Nianze na kosa langu. Mwaka wa kwanza nilinunua kitabu kinene cha sarufi pale Posta, kwa wale wanaotandaza vitabu vya mtumba kando ya barabara. Nikafungua ukurasa wa kwanza, nikaanza nyakati za vitenzi. Wanafunzi walikuwa kumi na saba. Wiki ya tatu wakabaki wanne. Mmoja nilikutana naye kituoni, akaniambia kwa adabu tu, "Mwalimu, tulikuwa tunachoka." Kitabu ninacho bado. Kinazuia mlango usijifunge kwa upepo.

Hatua ya 1: Kusanya Kiingereza alichokuja nacho

Alikuja fundi wa gereji, grisi bado iko kwenye kucha. Akasema, "Mimi nimetoka kapa, sijui hata neno." Nikampa chaki nikamwambia anitajie vitu vya gari. Breki, klachi, gia, injini, betri, rejeta, plagi, silinda, pistoni, bampa, sailensa, shokapu... Tulipofika ishirini na sita ubao ukajaa. Kando ya kila neno nikaandika la Kiingereza: brake, clutch, gear, engine. Alipofika kwenye shokapu akakuta "shock absorber", akasimama, akacheka mpaka akakaa chini. "Kumbe nusu tuliimeza!"

Ndiyo maana siku ya kwanza sigawi karatasi. Mshonaji ana shati, sketi, blauzi, kola, zipu na suti. Wa jikoni ana keki, jagi, glasi, friji, soseji. Wa ofisini ana faili na risiti. Hiki ndicho kifaa cha kwanza, hakina bei, na mtu anaondoka akijua kwamba hakuanza sifuri.

Orodha hiyo ndiyo somo la kwanza la matamshi pia. Kiswahili hakipendi neno lifungwe kwa konsonanti, kwa hiyo tulipoazima tuliongeza irabu mwishoni. Kazi ya mwanafunzi sasa ni kuiondoa irabu hiyo. Mwambie aseme "keki" kisha "cake", na asikilize mdomo unaishia wapi. Wengi watasema "keiki". Usiwacheke. Rudia na breki, benki, shati, hadi kinywa kizoee kukomea njiani.

Tahadhari moja: si kila neno letu ni la Kiingereza. Meza tuliitoa kwa Wareno. Na hoteli kwetu ni hata pale unapokula wali maharage ukaondoka. "Hotel" yao ni ya kulala.

Hatua ya 2: Sauti kabla ya maandishi

Kiswahili kina irabu tano na kinasomwa kama kilivyoandikwa. Kiingereza cha Uingereza kile cha kamusi kinahesabiwa kuwa na sauti za irabu kama ishirini, na herufi zake ni kigeugeu. Ukimpa anayeanza maandishi kwanza, atasoma "cut" kama "kuti" la mnazi na hutamtoa hapo kirahisi. Asikie, aseme, ndipo aone.

Habari njema ni kwamba ile "th" inayowatesa watu wa mataifa mengi sisi tunayo. Anayesema thelathini vizuri ana sauti ya "think" na "three". Anayesema dhahabu vizuri ana ya "this" na "mother". Shida ni kwamba nusu ya jiji linasema "zahabu" na "selasini". Basi rekebisha Kiswahili kwanza! Dakika kumi za dhambi, dhahabu, thamani, thelathini, ndipo uingie kwenye "this" na "thank you". Nimejaribu kueleza ulimi uwekwe wapi kwa michoro. Haifikii hata robo ya njia hii.

Kwa kusikiliza natumia vitu viwili. Cha kwanza ni masomo ya wanaoanza ya VOA, redio ya Marekani, yaitwayo Let's Learn English. Ngazi ya kwanza ina masomo 52 mafupi, yanamfuata dada mmoja anayehamia Washington. Hawa wa VOA walianza matangazo ya Kiingereza chepesi mwaka 1959, wakijibana kwenye maneno kama 1,500 na kusoma taratibu, na utaratibu huo unasikika. Cha pili ni tovuti ya LearnEnglish ya British Council, kwa sababu mazoezi yamepangwa kwa ngazi: anayeanza anachukua A1 tu, ngazi ya mwanzo, basi. BBC Learning English nayo ni nzuri, ila naona walimu wengi wanawapa wanaoanza kile kipindi cha dakika sita. Kile ni cha waliokwisha kupanda. Mwanafunzi wa wiki ya pili atasikia maji yanapita.

Somo moja tunalisikiliza mara kumi. Siku ya kwanza bila kusimamisha, ya pili sentensi kwa sentensi, ya tatu wanajibizana wao. Hakuna aliyewahi kulalamika kwamba tumerudia.

Hatua ya 3: Kadi za manila

Nunua manila moja steshenari, kata vipande ukubwa wa karata. Upande mmoja picha, wa pili neno la Kiingereza. Usiandike Kiswahili, picha inatosha, na wachore wenyewe hata kama mbuzi atafanana na pikipiki.

Kadi zinakaa kwenye boksi la viatu lenye vyumba vitatu. Kadi mpya inaingia cha kwanza, inaangaliwa kila siku. Ukiipata inahamia cha pili, kila siku ya tatu. Ukiipata tena inakwenda cha tatu, mara moja kwa wiki. Ukikosa popote, inarudi mwanzo. Njia hii aliieleza Sebastian Leitner mwaka 1972, na programu nyingi za simu za kukariri, kama Anki, zinafuata wazo hilo hilo. Mwenye simu nzuri atumie Anki, ni bure kwenye Android. Darasani kwangu boksi linashinda, kwa sababu halihitaji chaji na watoto nyumbani hulichezea wakajifunza bila kuambiwa.

Maneno gani? Mwaka 1953 Michael West alitoa orodha ya maneno kama 2,000 ya Kiingereza yanayotumika zaidi, na mwaka 2013 ikatoka orodha mpya kwa kazi hiyo hiyo. Zipo mtandaoni bure. Nachukua mia tatu ya juu, naongeza hamsini ya kazi ya mwanafunzi mwenyewe. Orodha ya rangi na wanyama wa porini achana nayo. Mama wa usafi anataka shuka, taulo, sabuni na "imeharibika". Twiga atamkuta siku nyingine.

Hatua ya 4: Saa

Nimeipa hatua yake kwa sababu imewagharimu watu. Kijana wangu mmoja wa mapokezi alimwambia mgeni kwamba gari la kumpeleka bandarini litafika "two o'clock". Alikuwa na maana ya saa mbili asubuhi. Mgeni akarudi kulala. Gari likaja, likapiga honi, likaondoka, na boti ya Zanzibar haikumsubiri mtu.

Kata uso wa saa kwenye boksi, weka akrabu mbili kwa pini. Mwonyeshe: akrabu fupi inapoelekea ndipo Kiingereza kilipo, na Kiswahili kiko upande wa pili, mkabala. Akrabu iko kwenye nane, wewe unasema saa mbili, yeye anasema "eight". Wakishaona mkabala huo hawajumlishi tena sita kwa vidole.

Hatua ya 5: Hadithi moja, lugha mbili

Hapa mwalimu wa Kiswahili ana bahati. African Storybook, mradi ulioanzia Afrika Kusini, una hadithi fupi za picha kwa lugha nyingi za Afrika, na nyingi zipo kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Ni bure kupakua na kuchapa. Zimepangwa kwa ngazi, kuanzia za maneno machache kila ukurasa. Siku ya kwanza tunasoma ya Kiswahili, tunacheka, tunabishana. Siku ya pili tunafungua ya Kiingereza, na mtu anajua tayari kinachoendelea, kwa hiyo akili yake yote iko kwenye maneno.

Kwa vijana wa shule, Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba mtandao yenye vitabu vya kiada, unasoma bila kulipa. Ukitaka kushika karatasi, nenda Maktaba Kuu ya Taifa, barabara ya Bibi Titi Mohamed. Ipo tangu 1967 na kukaa pale asubuhi ni raha: kimya, feni, na hakuna anayekuuzia kitu. Ila kitabu cha darasa la tatu usimpe mtu wa miaka arobaini mbele ya wenzake. Ng'oa mazoezi, andika upya ubaoni, weka majina ya mitaa yetu.

MASWALI YA WANACHAMA

Shikamoo mwalimu. Nifundishe kwa Kiingereza tupu au nichanganye? Mkuu wangu anataka tupu. (Mwanachama, Mbagala)

Marahaba. Amri fanya kwa Kiingereza tupu: "stand up", "open the door", "give me the cup", na wewe mwenyewe ukionyesha kwa mwili. Mwanasaikolojia wa Marekani, James Asher, aliieneza njia hiyo tangu miaka ya 1960, na hata anayeona haya anaifurahia kwa sababu hatakiwi kusema kitu, atende tu. Maelezo ya sarufi toa kwa Kiswahili, dakika mbili, maliza. Kueleza kwa Kiingereza kwa nini tunasema "I am" kwa mtu asiyejua "I am" ni kumzungusha.

Wanafunzi wangu wanasema "I have hunger" na "I have thirty years". Nimesahihisha nimechoka. (Kaka wa Kigamboni)

Kaka, hawakosei ovyo, wanatafsiri. Nina njaa, nina kiu, nina usingizi, nina miaka thelathini: Kiswahili chote hicho ni "nina". Kiingereza kinasema mtu *ni* mwenye njaa, kama kinavyosema ni mrefu. Zikusanye zote kwenye manila moja, ibandike ukutani: I am hungry, I am thirsty, I am sleepy, I am thirty years old. Akikosea nyooshea kidole ukutani, usiseme neno. Fanya hivyo hivyo kwa "he" na "she", kwa sababu "yeye" wetu hajali mke wala mume. Mimi nawaambia wafungue picha za simu zao, waonyeshe mama, kaka, shemeji, na waseme sentensi mbili kwa kila mtu. Anayemwita mama yake "he" hurekebishwa na darasa zima kwa kelele.

Mwalimu, bando linaisha kabla ya somo. Tufanyeje? (Dada, Gongo la Mboto)

Dada, mwalimu mmoja apakue usiku mara moja, sauti tu, si video. Kisha wapeane kwa Bluetooth au kwa memori kadi. Mimi nina spika ndogo ya kuchaji na memori kadi, na ndani yake masomo kumi na mawili. Sijaongeza mengine mwaka mzima.

Wangu wengine hawasomi vizuri hata Kiswahili. (Mwanachama, Tandale)

Basi miezi miwili ya kwanza ni mdomo, masikio na vitu halisi: kikombe, ndoo, kitambaa, sarafu. Kadi ziwe na picha pande zote mbili. Na kusoma kwa Kiswahili kuanze sambamba, kwa sababu kujifunza herufi kwa lugha inayosomwa kama ilivyoandikwa ni kwepesi mno kuliko kwa Kiingereza. Usimwonee haya kumwambia hivyo.

Google ya kutafsiri waitumie? (Mwanachama, Ubungo)

Neno moja moja, sawa, hasa kubonyeza spika wasikie linavyotamkwa. Sentensi nzima, hapana, mpaka waijaribu wenyewe kwanza. Mashine haimjui huyo "yeye" wako ni nani.

Mwanangu amemaliza la saba. Nimpeleke darasa la kujiandaa na kidato cha kwanza, au nyumbani panatosha? (Mzazi, Kinondoni)

Mzazi, nenda kakae nyuma ya darasa hilo siku moja kabla ya kulipa. Ukiona mwalimu anaandika ubao mzima na watoto wananakili kimya saa nzima, mrudishe nyumbani. Kunakili anajua tayari. Ukisikia makelele ya watoto wakiulizana kwa Kiingereza kibovu, lipa. Nyumbani mpe maneno ya masomo atakayokutana nayo Januari: angle, cell, weight, map, soil. Matano kwa siku kwenye kadi. Boksi la viatu bila shaka mnalo.