Somo: Kusoma upepo kwenye shabaha za mbali (kabla hujauliza "niweke kliki ngapi")

Kila wiki swali ni lile lile: upepo unatoka kulia, niweke kliki ngapi (hatua ndogo za kurekebisha darubini ya bunduki)? Bila kasi, pembe, umbali na risasi unayotumia, swali hilo halina jibu. Naandika mara moja. Atakayeuliza tena nitamwelekeza hapa. Mfano wa hesabu zote ni .308 Winchester, risasi ya greni 155 (karibu gramu 10) inayotoka mtutuni kwa mita 900 kwa sekunde, shabaha ikiwa yadi 1000, yaani mita 914.

1. Weka sifuri ya upepo (rekebisha darubini risasi ipige pale unapolenga, isiende kulia wala kushoto) hewa ikiwa imelala. Sifuri iliyowekwa kwenye upepo inaharibu kila hesabu itakayofuata.

2. Funga pimamaji kwenye darubini. Bunduki ikilala upande kwa digrii 1 tu, risasi inahama kama sentimita 15 kwenye mita 914, na wewe utamsingizia upepo.

3. Tafuta mwelekeo. Chukua uso wa saa, shabaha iwe namba 12. Upepo wa namba 3 au 9 unahesabiwa wote. Wa namba 1, 5, 7 na 11 ni nusu. Wa namba 2, 4, 8 na 10 ni asilimia 87, kwa hiyo uhesabu karibu wote. Wengi huuita upepo wa digrii 45 "nusu". Si kweli, ni asilimia 71.

4. Kadiria kasi. Kipimaupepo kinakwambia hewa ya pale ulipolala tu, huko mbele tumia macho. Ukiusikia usoni na majani yanacheza, ni mita 1.6 hadi 3.3 kwa sekunde. Majani na vijiti vikiwa havitulii, 3.4 hadi 5.4. Vumbi likianza kuinuka, umevuka 5.5. Kwa bendera za uwanjani, chukua digrii za pembe kati ya bendera na mlingoti, gawa kwa 9, utapata mita kwa sekunde: digrii 45 ni karibu 5. Bendera iliyolowa hudanganya, inaonyesha upepo mdogo kuliko uliopo.

5. Mazigazi. Hapa ndipo nilipomwaga alama nyingi kuliko kwingine kote, kwa hiyo someni polepole.

Mazigazi ni yale mawimbi ya hewa ya moto yanayopanda kutoka ardhini, nayo hubebwa na upepo. Weka darubini ya kuangalizia juu ya miguu mitatu, ukuzaji wa 20 hadi 25 unatosha. Ona shabaha vizuri kwanza, kisha rudisha fokasi nyuma mpaka shabaha ianze kufifia kidogo na mawimbi yatokeze. Sasa unasoma hewa iliyo kabla ya shabaha, ambayo ndiyo inayoisukuma risasi. Mawimbi marefu yanayoegemea upande kidogo ni upepo mdogo. Yakizidi kulala, umeongezeka. Yakikimbia bapa kama maji ya mfereji, umefika mita 4 au 5 kwa sekunde, na kuanzia hapo mazigazi hayakwambii tena umeongezeka kiasi gani. Rudi kwenye bendera.

Mtego ni pale yanapochemka, yaani yanapanda wima. Mgeni anasema "shwari" na kufyatua. Kuchemka kuna maana mbili: hakuna upepo, AU upepo unakuja sawasawa na mstari wako, wa nyuma au wa mbisho. Na huo ndio mbaya kuliko wote. Upepo wa mita 5 ulioko namba 6 ukizungushwa digrii 15 tu unakupa mita 1.3 kwa sekunde za upepo wa kando, yaani kosa la dakika 2.6 za pembe (dakika moja ni sehemu ya 60 ya digrii). Upepo huo huo ukiwa namba 3 na ukizungushwa digrii hizo hizo 15, tofauti haifiki nusu dakika. Ndiyo maana upepo wa kando mkali ni rahisi kuliko wa nyuma unaoyumba.

Namna ya kuhakikisha: zungusha darubini kulia na kushoto polepole. Ukipata upande ambako mazigazi yanachemka huku kwingine yanatiririka, upepo upo, na unapita kwenye mstari huo. Yakichemka kila upande, hapo ni shwari kweli.

ONYO: upepo unaobadilika kutoka kushoto kwenda kulia hupitia kuchemka kwa sekunde chache. Usifyatue katika sekunde hizo. Utakuwa umeondoa kliki zako, na risasi itakutana na upepo wa upande wa pili njiani.

6. Upepo wa karibu na mtutu upe uzito kuliko wa kwenye shabaha. Risasi ikipotoshwa mapema, kosa linazidi kupanuka safari yote. Kumbuka pia kwamba katikati ya safari risasi iko takriban mita 3 juu ya mstari wa jicho, na kule upepo una nguvu kuliko kwenye nyasi.

7. Hesabu. Upepo wa kando × (muda wa safari − umbali ÷ kasi ya mtutuni). Kwa mfano wetu muda ni sekunde 1.55, 914 ÷ 900 ni 1.02, inabaki 0.53. Kila mita 1 kwa sekunde ya upepo wa kando inahamisha risasi sentimita 53. Dakika moja kwenye umbali huo ni sentimita 26.6, kwa hiyo ni dakika 2, kliki 8 za robo dakika. Duara la 10 la F-Class (mashindano ya shabaha za mbali, bunduki ikiwa juu ya kiegemeo) kwa yadi 1000 lina kipenyo cha inchi 10, sentimita 25.4. Ukikosea robo ya mita kwa sekunde, umeshatoka nje.

8. Chagua hali moja ya upepo inayojirudia, isubiri, fyatua humo tu. Andika kwenye daftari.

MASWALI

Mtutu_Mrefu: Mkuu asante kwa shule. Upepo wa kushoto yadi 800 niweke kliki ngapi?

Jibu: Hatua ya 7. Kasi hujasema, pembe hujasema, risasi hujasema.

Mgeni_wa_Shabaha: Samahani mwalimu, saa tatu mshale mfupi uko kushoto. Mbona wewe unasema 3 ni kulia?

Jibu: Umeuliza jambo la maana kuliko unavyodhani. Ndiyo maana nimeandika "namba 3", sikuandika "saa tatu". Nasoma tarakimu iliyochapwa kwenye uso wa saa, si saa zetu. Mkiwa wawili, mmoja anasoma upepo na mwingine anafyatua, semeni "namba" au semeni kabisa "wa kulia". Mkichanganya, kliki zitaenda upande ambao siyo na kosa litakuwa mara mbili.

Kliki_Moja: Programu ya simu inanipa jibu bila mlolongo wote huu.

Jibu: Programu inazidisha tu. Kasi na pembe ya upepo unaijaza wewe. Ukiijaza uongo itakurudishia uongo wenye desimali mbili.

Nyasi_Kavu: Ukitoka upepo wa kulia, risasi zangu zinaenda kushoto na pia zinapanda kidogo. Ukitoka kushoto zinashuka. Ni mkono wangu?

Jibu: Hapana, na hongera kwa kuliona. Mtutu wako bila shaka unazungusha risasi kuelekea kulia. Ikitoka tu, risasi hugeuza pua kuukabili upepo, na kwa kuwa inazunguka kama pia, mwitikio wake hutoka juu au chini badala ya kando. Upepo wa kulia unaipandisha, wa kushoto unaishusha. Ukiunganisha matundu, mstari unaelekea kutoka namba 10 hadi namba 4. Ni sehemu tu ya dakika, lakini kwenye upepo mkali fidia kidogo kwa urefu. Usichanganye na ule mwelekeo wa kwenda kulia unaotokana na mzunguko. Huo upo hata hewa ikilala.

Kliki_Moja: Sawa, nimekubali. Lakini risasi ya kasi zaidi si ndiyo isiyochukuliwa na upepo?

Jibu: Swali zuri hili. Angalia fomula: kinachohesabiwa ni muda uliopotea njiani (ile 0.53 ya hatua ya 7), si kasi yenyewe. Kwenye risasi ndogo za .22 LR utaona kinyume: risasi za kasi, zinazoanza juu ya kasi ya sauti, huhama na upepo kuliko zile za mashindano zinazoanza chini yake, kwa sababu karibu na kasi ya sauti hewa inazivuta breki vibaya.

Nyasi_Kavu: Nyongeza kwa wenzangu. Baada ya risasi kama kumi nilikuwa naona mazigazi yanachemka ndani ya darubini ya bunduki, ya kuangalizia inaonyesha yanatiririka.

Jibu: Huo ni moto wa mtutu wako. Tandika mkanda wa kitambaa juu ya mtutu, kuanzia chini ya lenzi ya mbele ya darubini kuelekea mdomo wa mtutu. Upepo soma kwenye darubini ya kuangalizia tu, na iwekwe kando, isikae nyuma ya mtutu.