Jinsi ya kuchagua laptopu ya kazi kwa mtu asiyekaa ofisini

Mimi ni mkaguzi wa hesabu. Wateja wangu wengi ni vyama vya ushirika vya mazao, kwa hiyo msimu wa korosho hunikuta Tandahimba na Newala, na kahawa ikianza kukusanywa niko Karagwe. Katikati kuna vikao vya Dodoma, na mara mbili tatu kwa mwaka Kigali. Watu wakiniuliza wanunue laptopu gani, siwatajii jina. Nawapa kazi ya kufanya kwanza, nayo ni hii.

Hatua ya 1: Andika safari zako tatu za mwisho

Chukua karatasi uandike yaliyotokea, achana na unayotamani. Ulianza kazi saa ngapi? Umeme ulikuwepo muda gani? Ulikaa wapi kuandika? Faili lako kubwa kuliko yote lilikuwa lipi, na nini kilikukwamisha?

Karatasi yangu ilisomeka hivi: saa tatu asubuhi hadi saa tisa alasiri, ghala la chama, umeme umekatika, vitabu vya stakabadhi mezani, faili la Excel lenye mistari zaidi ya laki moja ya mapokezi ya wakulima. Hicho ndicho kipimo changu. Anayepanda treni ya SGR kila wiki kwenda Dodoma na kulala hotelini ana kipimo kingine, na anaweza kufurahia mashine ambayo mimi nisingeipokea hata kwa zawadi.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya umeme

Usisome "saa 12 za betri" kwenye tangazo. Tafuta namba yenye Wh, yaani wati-saa, iliyoandikwa kwenye betri au kwenye maelezo ya mashine. Hiyo ndiyo ujazo wa tanki. Sasa pima unavyokunywa: chaji laptopu uliyonayo ijae, ichomoe, fanya kazi yako ya kawaida saa moja, mwanga wa skrini ukiwa ule unaouhitaji kweli. Tuseme betri ina Wh 45 na imeshuka asilimia 22. Umetumia karibu Wh 10 kwa saa.

Siku yangu ya ghalani ni saa sita, basi nahitaji Wh 60. Laptopu nyingi za inchi 14 zina Wh 50 hadi 57 zikiwa mpya. Pengo nalijaza kwa pawa benki inayotoa wati 65 kwa tundu la USB-C. Pawa benki ya mAh 20,000 ni sawa na Wh 74 hivi (zidisha Ah 20 kwa volti 3.7), ingawa sehemu yake hupotea njiani kama joto. Mpaka wa kawaida kwenye ndege ni Wh 100 kwa betri moja. Kati ya 100 na 160 unahitaji ruhusa ya shirika. Pawa benki hukaa kwenye mkoba wa mkononi, haiingii kwenye begi linalokwenda chini ya ndege. Kama yako haina maandishi ya ujazo, tegemea mabishano ukaguzini.

Kuna njia nyingine, ya zamani kidogo lakini mimi naiheshimu: laptopu ya Lenovo ThinkPad T480 ya mwaka 2018 ina betri mbili, moja ndani na nyingine nyuma inayochomolewa. Unabadilisha ya nyuma bila kuzima mashine. Ya Wh 72 inaongeza uzito na kuinua laptopu kwa nyuma kama imewekewa mguu, lakini siku hiyo huulizi soketi iko wapi.

Hatua ya 3: Ikatae chaja ambayo huwezi kuazima

Hili ndilo ninalolishikilia kuliko prosesa, ile chipu inayofanya hesabu zote za mashine. Mwaka mmoja nilikuwa na laptopu yenye chaja ya pini nyembamba, ya aina yake peke yake. Waya ulikatika karibu na pini nikiwa siku mbili ndani ya kazi ya siku sita. Fundi wa simu pale sokoni aliunganisha, ukashika jioni moja, ukakata tena. Mjini kila duka lilinionyesha chaja kumi, hakuna iliyoingia. Nilimaliza ukaguzi kwa kalamu na kikokotoo, nikaja kuandika upya nyumbani. Mashine ilikuwa nzima kabisa muda wote huo!

Tangu hapo sharti ni moja: ichajiwe kwa USB-C. Na usiamini umbo la tundu, maana yapo matundu ya USB-C yanayopitisha data tu. Nenda dukani na chaja ya USB-C ya wati 65 ya kampuni tofauti, chomeka, uone kama alama ya kuchaji inatokea. Matundu mawili yanayochaji, moja kila upande, ni bora zaidi, kwa kuwa tundu ndilo hulegea.

Soma pia chaja imeandikwa nini. "100–240V" inatosha popote. Plagi ndiyo inabadilika: Tanzania, Kenya na Uganda ni pini tatu bapa, ila Rwanda na Burundi utakutana na matundu ya pini za mviringo. Adapta ndogo iishi ndani ya mkoba.

Hatua ya 4: Prosesa na RAM

Hapa nitapita haraka. Windows 10 iliacha kupata huduma za kawaida za Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa prosesa za Intel inataka kizazi cha 8 kwenda mbele. i5-8350U inapita, i5-7300U haipiti (hapa tarakimu ya kwanza baada ya kistari ndiyo kizazi), hata muuzaji aape. RAM, yaani kumbukumbu ya muda ambamo faili lililo wazi hukaa, chukua GB 16. Ukikuta GB 8, uliza kama inaongezeka: HP EliteBook 840 G5, Dell Latitude 7490 na ile T480 zina nafasi mbili za RAM, wakati RAM ya ThinkPad X1 Carbon imechomelewa kwenye ubao, ulichonunua ndicho utakachozeeka nacho.

Mac? MacBook Air yenye chipu ya M1 haina feni, ina kilo 1.29 na haili umeme ovyo. Ni mashine nzuri. Ila Excel ya Mac haina Power Pivot, nyenzo ya kuchambua majedwali makubwa, na mimi naishi humo.

Hatua ya 5: Itoe nje

Omba kutoka nayo barazani. Fungua jedwali lenye maandishi madogo, uligeuzie jua mgongo. Skrini inayong'aa kama kioo itakuonyesha sura yako mwenyewe. Tafuta isiyoakisi, na mwanga wa niti 300 (niti ni kipimo cha mwangaza wa skrini) au zaidi. 250 nimeitumia, macho yalilalamika.

Uzito pima pamoja na chaja. Laptopu ya kilo 1.3 yenye chaja ya nusu kilo haina tofauti kubwa na ya kilo 1.6 inayotumia chaja ndogo unayochajia na simu. Na kibodi: mitumba ya Ulaya huja na herufi zilizohamishwa. Ya Kijerumani imebadilishana Y na Z, jaribu kuandika "nyanya" uone.

Hatua ya 6: Dakika arobaini dukani

Kama unanunua iliyotumika pale Aggrey, Kariakoo, utaambiwa, "Bosi, hii imetoka Dubai, safi kabisa." Mjibu kwa upole kwamba utakaa kidogo.

Fungua Command Prompt, dirisha la Windows la kuandikia amri, andika powercfg /batteryreport. Ripoti itakupa ujazo wa kiwandani na ujazo wa sasa. Ya kiwandani 57 na ya sasa 41 maana yake imebaki asilimia 72. Ingiza gharama ya betri mpya kwenye bei. Kisha ingia BIOS, yaani mipangilio ya mashine inayotangulia Windows, uhakikishe haina nywila.

Wengi huishia hapo, nao huumia. Omba ifutwe na kuanzishwa upya kama mpya, uiunganishe na hotspoti ya simu yako. Laptopu nyingi za mtumba zilikuwa za makampuni, na ambayo haikuondolewa kwenye orodha yao itatoa jina la kampuni na kudai barua pepe ya mfanyakazi. Ikitokea hivyo, rudisha. Kufuta tena hakusaidii, itarudi kulekule.

Ukiona tundu la laini ya simu usishangilie mapema. Mara nyingi ni tundu tu, modemu yenyewe haimo ndani.

Hatua ya 7: Kabla ya safari ya kwanza

Faili zangu zina majina ya wakulima, namba za simu na akaunti za benki, na tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Kwa hiyo nanunua yenye Windows Pro, nawasha BitLocker inayofunga diski isisomwe na mwingine, na ule ufunguo wake wa dharura wa tarakimu 48 nauacha nyumbani kwenye karatasi. Nakala ya kazi iko kwenye diski ndogo ya SSD, nayo imefungwa kwa nywila, na husafiri kwenye begi la nguo. Laptopu naipakata. Kwenye buti la basi haiingii.

Halafu rudia ile siku ya karatasini ukiwa nyumbani: saa tatu hadi saa tisa, bila kuchomeka, faili lako kubwa likiwa wazi. Fanya hivyo wiki ileile uliyonunua, maana gwaranti ya duka huwa fupi, na hakikisha siku zake zimeandikwa kwenye risiti.