Jino la kupandikiza: kazi iko chini, kwenye ufizi

Tangu niwekewe gego la kupandikiza, jamaa zangu wa Majengo huniuliza bei. Usafi wake hakuna anayeuliza.

Skrubu yake, iliyozama mfupani, ni ya titani na taji, yaani kile kichwa cha jino kinachoonekana, ni la kauri, kwa hivyo halitoboki kama jino la kuzaliwa. Kinachoharibika ni ufizi na mfupa unaoishika. Na kwa kuwa jino lenyewe halina mshipa wa fahamu, usingoje maumivu yakupe habari. Mfupa waweza kulika huku wewe wala biriani bila wasiwasi.

Tumia mswaki wa nywele laini. Ulaze kwenye mpaka wa jino na ufizi, uzungushe polepole, nje na ndani. Upande wa ulimi ndio husahaulika. Gego la nyuma lisipofikika, funga mdomo nusu, shavu litalegea na mswaki utapita. Dawa za kung'arisha zenye chengachenga, na unga wa mkaa, achana nazo: hukwaruza, na penye mkwaruzo ukoga hushika.

Usiku ndipo ninapochukua muda. Kuna vibrashi vya kupitisha kati ya meno. Chagua chenye waya uliofunikwa plastiki, maana waya mtupu huchuna titani. Kikipinda kikiingia, ni kikubwa, shuka namba. Kisha uzi wa meno, ule mnene wenye ncha ngumu: nautia upande mmoja, nauzungusha nyuma ya jino, nautoa upande wa pili, nazipishanisha ncha mbele, halafu navuta huku na huku kama mpiga rangi viatu. Uzi ukichanika, toa kila unyuzi. Ukibaki chini ya ufizi huleta uvimbe.

Mswaki wa mti siuachi, ni sunna, lakini haufiki nyuma ya gego, basi usiufanye badala ya brashi.

Halua na tende hunata ubavuni mwa taji, sukutua ukimaliza. Mfupa wa mbuzi usiuvunjie hapo. Mla muguka ahamie shavu la pili. Sigara ndiyo mbaya zaidi, na mwenye kisukari aiangalie sukari yake, kwani vyote viwili huchelewesha ufizi kupona.

Kwa daktari nenda kila miezi 6, au mapema zaidi akikuagiza. Kabla hajakukwangua ukoga mkumbushe lipi ni la kupandikiza, atumie vyombo vya plastiki au titani. Chuma cha kawaida huacha michirizi. Mara mojamoja atapiga eksirei kuutazama mfupa.

Damu, uvimbe, usaha au ladha mbaya isiyoisha: usingoje tarehe yako. Likitikisika, huenda ni taji tu limelegea, na hilo hukazwa papo hapo; ila usilitafunie kitu mpaka litazamwe.