Sampuli za marimba zinapokatika kwenye kompyuta

Noti zikikatika au kukwaruza ndani ya Kontakt, programu ya kupigia sampuli (vipande vya sauti iliyorekodiwa), usikimbilie kununua RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta). Tazama kwanza vipimo viwili vya juu ya dirisha: CPU (mzigo wa kichakataji) na Disk (mzigo wa diski).

Disk ikipanda, shida ni usomaji. Programu hupakia kwenye RAM mwanzo tu wa kila sampuli, kwa kawaida kilobaiti 60 hivi. Inayobaki husomwa kwenye diski wakati unapiga. Diski ya kuzunguka ya mizunguko 5,400 kwa dakika haiwahi, hasa ukikanyaga pedali na noti zikarundikana. Hamishia sampuli kwenye SSD (diski isiyozunguka), uichomeke tundu la USB 3, si USB 2. Huna SSD? Ongeza kipande hicho cha mwanzo hadi kilobaiti 120: RAM italiwa zaidi, ila diski itapumua. Punguza pia idadi ya sauti zinazoruhusiwa kulia pamoja.

CPU ikipanda, nenda kwenye mipangilio ya sauti: bafa (idadi ya vipimo vya sauti vinavyoandaliwa kwa mkupuo) itoe 128 uiweke 512. Kwa 44,100 Hz (vipimo 44,100 kwa sekunde) huo ni ucheleweshaji wa milisekunde 11.6, kwa hiyo irudishe chini unaporekodi. Na mchana wa Februari hapa Bagamoyo, laptopu iliyochemka hujipunguzia kasi yenyewe. Inyanyue mezani, washa feni.

Kimya kabisa? Huenda folda ya sampuli imehamishwa. Ielekeze programu upya ilipo folda, kisha hifadhi.