Namna ya Kulinda Mayai na Vifaranga vya Trauti Maji Yanapozidi Kupata Joto

Mfugaji wa trauti anayepoteza vifaranga mwezi wa Machi mara nyingi hutafuta chanzo cha hasara ndani ya tangi walimofia, ilhali madhara huenda yalianza wiki kadhaa nyuma, mayai yakiwa bado kwenye sinia la kutotoleshea. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya wafugaji wa nyanda za juu, hasa wanaotumia mito itokayo Mlima Kenya na safu ya Nyandarua, na unashughulikia zaidi kipindi cha yai hadi kifaranga anapoanza kula, kwa kuwa hapo ndipo nyuzi mbili au tatu za joto huharibu kitu kisichoweza kurekebishwa baadaye.

Trauti si samaki wa asili wa mito yetu. Aliletwa Kenya mwaka 1905, wa kwanza akiwa trauti wa kahawia, kisha akafuata trauti wa upinde wa mvua, ambaye asili yake ni mito ya baridi inayoingia katika Bahari ya Pasifiki na ambaye ndiye anayefugwa zaidi leo. Ameweza kuishi karibu na ikweta kwa sababu ya mwinuko tu, na kadiri maji ya mwinuko uleule yanavyopata joto, nafasi yake inazidi kuwa finyu. Samaki mkubwa hukua vizuri katika maji ya nyuzi 12 hadi 18 za Selsiasi, lakini yai linahitaji baridi zaidi, takriban nyuzi 8 hadi 12. Kwa hiyo maji yanayomfaa samaki wa kuuza huenda yasilifae yai, na mfugaji anayepima bwawa la samaki wakubwa peke yake hajapata jibu analolihitaji.

Anza kwa kuelewa kinachotokea ndani ya yai. Joto la kiinitete, yaani kifaranga anayejengeka ndani ya yai, hufuata joto la maji, na joto likipanda kazi zote za mwili wake huenda mbio. Katika maji ya nyuzi 10 mayai ya trauti wa upinde wa mvua huanguliwa baada ya siku 31 hivi. Katika maji yanayokaribia nyuzi 13 huchukua siku 24, na yakizidi nyuzi 15 kidogo huchukua siku 19 tu. Wapo wanaofurahia upesi huo, nami naona furaha hiyo haina msingi. Kiini cha yai ndicho akiba pekee ya chakula, na katika maji ya joto sehemu kubwa zaidi ya akiba hiyo hutumika kuendesha uhai wenyewe badala ya kujenga mwili, hivyo kifaranga hutoka mapema akiwa mdogo kuliko alivyopaswa kuwa. Uti wa mgongo, taya na moyo hujengwa katika majuma hayohayo, na ujenzi unaoharakishwa hutoa vifaranga wengi zaidi wenye mgongo uliopinda au taya lisilofunga.

Jambo la pili ni oksijeni, na hapa wafugaji wa milimani wana tatizo ambalo vitabu vilivyoandikwa kwa ajili ya nchi za tambarare havilitaji. Maji ya nyuzi 10 yaliyo usawa wa bahari hubeba hadi miligramu 11.3 za oksijeni kwa lita, lakini kwenye mwinuko wa mita 2,000 hewa ni nyepesi, na maji hayohayo hubeba kama 8.8 tu. Yakifika nyuzi 15 kiwango hushuka hadi karibu 7.9, na kwa nyuzi 20 hubaki kama 7.1, hata pale maji yanapoporomoka juu ya mawe na kuchanganyika vizuri na hewa. Yai haliwezi kuhama wala kupumua kwa nguvu zaidi. Hupokea oksijeni inayopenya kwenye gamba lake tu. Kiinitete kinachokaribia kuanguliwa ndicho kinachohitaji oksijeni nyingi kuliko wakati mwingine wowote, kwa hiyo joto hukikaba pande zote mbili, likiongeza mahitaji na kupunguza kilichomo ndani ya maji.

Baada ya kuelewa hayo, kazi ya kwanza ni kupima. Tafuta kipimajoto kinachohifadhi kiwango cha chini na cha juu, ukihakiki kwa kukitumbukiza katika mchanganyiko wa barafu iliyopondwa na maji safi, ambapo kinapaswa kuonyesha sifuri. Kiweke ndani ya sinia lenyewe la mayai, kwa sababu maji yanayotoka mtoni yakiwa na nyuzi 11 alfajiri yanaweza kufika kwenye sinia yakiwa na nyuzi 15 saa tisa alasiri, baada ya kupita katika bomba jeusi lililolala juani. Andika viwango vyote viwili kila siku, tafuta wastani, kisha ujumlishe wastani wa siku zote tangu mayai yaliporutubishwa. Jumla ikikaribia 160 hadi 180, macho ya kiinitete huanza kuonekana kama nukta nyeusi. Ikifika 310 hivi, tarajia kuanguliwa. Hesabu hiyo itakuambia lini usiyaguse mayai kabisa, yaani tangu kama siku mbili baada ya kurutubishwa hadi macho yaonekane, kwani mtikiso mdogo katika kipindi hicho huyaua. Maji yakipata joto, kipindi hicho hufupika, na anayehesabu siku kwa kalenda peke yake hukosea.

Upande wa mama usisahauliwe. Jike anayetunga mayai katika maji ya joto hutoa mayai dhaifu hata kama yatatotoleshwa katika maji baridi, kwa hiyo wape wazazi maji baridi kuliko yote uliyo nayo, chini ya nyuzi 13 ikiwezekana, kwa miezi inayotangulia kukamua, yaani kuyatoa mayai kwa kulikanda tumbo la jike. Mayai yaliyokwisha kuachiliwa tumboni huharibika upesi zaidi joto likipanda. Mkague jike mara mbili kwa wiki badala ya mara moja. Ukiwa na uhuru wa kuchagua, kamua ili mayai yakae kwenye sinia kati ya Juni na Agosti, miezi yetu ya baridi, na uepuke kabisa Februari na Machi, wakati jua ni kali, mito imepungua na maji mengi yanachotwa kwa umwagiliaji.

Kupunguza joto la maji huanzia kwenye mfereji. Fukia bomba ardhini, funika mfereji, na panda miti ya asili au mianzi kando yake. Mkaratusi haufai mahali hapa, kwa kuwa hunywa maji mengi ya chanzo unachojaribu kukilinda. Watu wengi hutazama barafu ya kileleni inayotoweka na kudhani hatima ya mito imo humo, lakini sehemu kubwa mno ya maji yake hutokana na mvua, misitu na chemchemi, na hivyo ndivyo vinavyostahili kulindwa kwanza. Maji ya chemchemi, ambayo joto lake halibadiliki sana mchana na usiku, yatengewe mayai pekee; yakitoka ardhini huwa na oksijeni kidogo, kwa hiyo yaporomoshe kwenye ngazi za mawe au mbao kabla hayajaingia kwenye sinia. Panga mayai tabaka moja au mawili, yakinge na mwanga, na uongeze mtiririko taratibu siku zinazokaribia kuanguliwa.

Siku ya joto kali, chupa za barafu zilizofungwa zinaweza kutumbukizwa kwenye tangi la kupokelea maji, lakini joto lisishuke ghafla: nyuzi moja kwa saa inatosha. Fanya vivyo hivyo unapopokea mayai yenye macho kutoka kituo kingine, kwa kuyazoesha maji yako polepole kabla ya kuyamwaga.

Vifaranga wakishaanguliwa, chukua kikombe kutoka kila sinia, hesabu wenye mgongo uliopinda, mkia mfupi au kifuko cha kiini, ile akiba ya chakula aliyotoka nayo kwenye yai, kilichovimba maji, na uandike idadi hiyo kando ya kumbukumbu za joto. Misimu miwili ya kumbukumbu hizo ina thamani kuliko ushauri wa mtu yeyote asiyeyajua maji yako. Andaa chakula mapema, kwa sababu katika maji ya joto kifuko huisha upesi na kifaranga aliyeinuka kutafuta chakula asikipate hudhoofika asipate nguvu tena. Baadaye, lisha asubuhi. Maji yakipita nyuzi 18 punguza chakula, na yakipita 20 usilishe kabisa, kwa maana kumeng'enya chakula kunahitaji oksijeni ambayo haipo. Yakikaribia nyuzi 25, hata samaki mkubwa hufa.

Ikiwa sinia lako hupita nyuzi 15 kila alasiri hata baada ya kivuli na bomba la chini ya ardhi, acha kutotolesha hapo. Nunua mayai yenye macho au vifaranga waliokwisha kuanza kula kutoka kituo kilichopo juu zaidi mlimani, kisha wakuze kwako. Na anayetafuta eneo jipya asikubali kipimo cha siku moja ya Julai: apime maji hayo mwaka mzima, akiyaangalia zaidi alasiri za Februari na Machi, kabla ya kuchimba msingi wowote.