Fremu ya baiskeli ya titani: bomba la unene mmoja au lenye ncha nene?

Kama utabeba mizigo mizito, chukua la unene mmoja, ukuta wa milimita 0.9, usijisumbue. Lenye ncha nene hubaki na 0.9 penye kulehemiwa, katikati likashuka hadi 0.6. Bomba la chini, lile linaloshuka kutoka usukani hadi kwenye pedali, la kipenyo cha milimita 38, likipunguzwa hivyo kwa sentimita 40, huokoa gramu 60 hivi. Mafunda machache ya maji, basi! Afadhali ulipende kwa kunesa kwake.

Kabla ya kukata, weka alama sehemu nene inapoishia, ncha zote mbili. Ukikata upande mmoja tu, moto wa kulehemu huangukia ukuta mwembamba. Unatoboka papo hapo au unapasuka baadaye. Kwenye stendi ya ufundi bana nguzo ya kiti, kwani katikati ya bomba hubonyea.