Kupiga picha nyuso zilizojificha kwenye miti

Ukitaka kuuona uso kwenye mti, anza na macho. Tawi likikatika, mti huanza kulifunika jeraha taratibu kuanzia pembeni, na kovu linalobaki mara nyingi huwa la mviringo, lenye ukingo ulioinuka kama kope. Makovu mawili yakikaa jirani, ubongo wako utamalizia pua na mdomo wenyewe. Hali hii huitwa pareidolia, na ndiyo inayotuonyesha watu kwenye mawingu.

Kazi kubwa ni ya mwanga. Jua likiwa mgongoni mwako, gome huonekana bapa. Zunguka shina mpaka mwanga uje kutoka ubavuni, hasa asubuhi mapema au jioni, ndipo kila mkunjo utoe kivuli chake. Mimi hurudi kwenye mti uleule saa tofauti: uso wa asubuhi huwa umetoweka, na pengine mwingine umejitokeza upande wa pili! Flashi izime kabisa.

Chuchumaa, sogea hatua moja kushoto, kisha kata picha ibaki shina tupu. Jaribu pia kuigeuza iwe nyeusi na nyeupe, maana kijani cha majani huiba jicho.

Na tafadhali, usichonge gome ili kuuboresha uso. Chakula cha mti hupita papo hapo chini yake.